Bega la Pongo

Nilimwona mara sita kabla ya kumrushia mshale, na mara zote sita nilijikataza. Nalisema hilo mapema kwa sababu mke wangu, Dorotea, akisimulia habari hii huanzia mara ya saba, kana kwamba mimi Sylvanus ni mtu wa kuamka tu na kufanya upuuzi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Nilikuwa nashuka na ndoo kwenda kumwagilia nyanya zangu kando ya kijito, huku kwetu Mwamkulu, na jua lilikuwa bado halijatoka. Nikamkuta amesimama katikati ya matuta ya maharage. Pongo dume, mkubwa kidogo kuliko mbuzi, rangi ya kahawia, madoa meupe ubavuni na pembe mbili zilizonyooka. Alikuwa anatafuna majani ya maharage yangu. Hakukimbia. Alinitazama, akatafuna, akanitazama tena, kisha akaingia kichakani taratibu, kama mwenye shamba anayerudi nyumbani. Nilishinda na hasira siku nzima.

Tangu hapo sikuwa naenda bustanini kumwagilia, nilikuwa naenda kumtazama yeye. Nikajua anapotokea, penye mkuyu ulioanguka. Nikajua anapokunywa, kwenye kidimbwi cha mwisho kilichobaki na maji. Siku nyingine sikumwona mwenyewe, niliona alama za kwato zake tu kwenye tope, nami nikachuchumaa kuzipima kwa vidole kama fundi nguo. Dorotea akaniuliza kwa nini nyanya zinanyauka na mimi kila alfajiri nipo mtoni. Nikamjibu jua la mwaka huu ni kali.

Baba yangu alikuwa Mkonongo wa upinde hasa. Kipindi hiki cha Septemba alikiita msimu wake. Nyasi zimeungua, miyombo imetoa majani mapya mekundu, maji yamebaki sehemu chache, na mnyama hana budi kupita pale unapomjua. Siku hizi msimu huo ni wa wenye vibali. Asiye na kibali akikutwa na hata paja moja, mahakamani linaitwa nyara ya serikali. Mdogo wangu Didace alikutwa na nyama kavu kwenye kiroba, haikuzidi kilo mbili. Akapewa miaka ishirini. Amemaliza sita.

Siku Didace alipohukumiwa, Dorotea alinisimamisha mbele ya picha ya Bikira Maria pale sebuleni, akaniapisha kwamba upinde wa baba hautashuka ukutani tena. Nikaapa. Na nilikuwa namaanisha, Mungu ananiona.

Sasa mtu ataniuliza, uliushusha kwa nini? Njaa haikuwepo. Mahindi yapo, maharage yapo, dagaa wa Kapalamsenga wanauzwa kila mahali. Ukweli ni kwamba yule pongo alinidharau. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yananiuma, mdogo wangu yuko jela, na mnyama anakula maharage yangu huku ananitazama machoni. Nikaanza kumwota. Nikaanza kujiuliza kama mkono wangu bado unajua kazi, au na wenyewe umezeeka bila kuniaga.

Jumamosi ile nilitoka Dorotea akiwa bado amelala. Nilichukua upinde na mshale mmoja tu. Mishale ya baba ilikuwa darini juu ya jiko, chembe zake, vile vyuma vya ncha, zimefungwa kwa maganda ya mahindi ili sumu isipigwe na jua. Sumu ile aliipika mwenyewe mwaka mmoja kabla hajafa, nyeusi kama lami. Ina miaka kumi na moja. Sikujua kama bado ina nguvu, na niliwaza kwamba kama haina, basi nitakuwa nimemtisha tu na mambo yataishia hapo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nilikaa nyuma ya kichuguu. Alikuja wakati jua linachomoza, akainamisha kichwa kunywa. Nililenga nyuma ya bega. Nikaachia mapema, mshale ukaingia begani penyewe, bega la kulia. Pongo akaruka juu, akabweka mara moja kama mbwa, akapasua kichaka na kupotea. Uti wa mshale ukaanguka palepale, kama unavyotakiwa. Chembe ikabaki ndani ya nyama.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na kosa lenyewe ni la kufuata kanuni. Baba alinifundisha kwamba mnyama aliyechomwa mshale wa sumu hafuatwi. Ukimfuata anakimbia mpaka wilaya ya pili. Unachukua uti wa mshale, unauchomeka ardhini, unatazama kivuli chake, unaweka jiwe katikati ya kivuli hicho. Kisha unakaa. Hutaji jina la mnyama, humwiti mtu, huvuti sigara. Kivuli kikifupika mpaka kwenye jiwe ndipo unainuka, kwa sababu wakati huo mnyama ameshalala. Nikachomeka, nikaweka jiwe, nikakaa. Nilimwaza Didace. Nilimwaza Dorotea akiamka na kukuta ukuta mtupu. Lakini sikuinuka mpaka kivuli kilipofika.

Nikauficha upinde chini ya mkuyu, nikauweka ule uti ndani ya shati, nikafuata nyayo. Zilikuwa wazi. Matone ya damu machache, nyasi zilizolala, mahali alipojikwaa. Halafu, karibu na njia ya ng'ombe, nikakuta nyayo za mbwa. Mbwa watatu. Vumbi limevurugwa, manyoya yametapakaa, na mbele yake mburuzo mrefu uliokwenda moja kwa moja mpaka kwa Malale.

Malale ni Msukuma, mfugaji, alihamia huku na ng'ombe wake miaka kama kumi iliyopita. Mji wake na wangu imetenganishwa na kijito na mwendo wa robo saa kwa miguu. Mwezi wa nne ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wangu, wakala robo ya shamba. Sikwenda kwake kuzungumza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji, na Malale akalala mahabusu siku mbili. Tangu hapo tukikutana njiani aliitikia salamu yangu huku anatazama pembeni. Sasa fikiria mtu huyo ndiye ninayetakiwa kumwendea na kumwambia, bwana, nimewinda bila kibali, mkononi mwako una ushahidi.

Nilijificha kwenye kichaka cha miiba, mbali kidogo na boma lake, nikatazama. Walikuwa wameshaanza kuchuna. Malale na mkewe, Hana, wameinama chini ya kibanda, wanacheka, watoto wanafukuza mbwa. Nilielewa yote. Mbwa walimkuta akiwa anayumba, wakamwangusha, Malale akamchinja angali hai. Alama za meno zimeziba tundu la mshale. Hawakujua lolote. Wasukuma wa Malale ni watu wa ng'ombe. Nani angewaambia kwamba nyama ya kuzunguka chembe hukatwa upana wa kiganja na kuchomwa moto, haipewi hata mbwa?

Basi toka, nilijiambia. Toka useme. Na miguu haikutoka.

Nilikaa kwenye miiba ile karibu saa mbili, nami sioni aibu kulisema kwa sababu aibu yenyewe imeshamaliza kazi yake. Niliwaza miaka ishirini. Nikitoka nitakuwa na sabini na mbili. Niliwaza labda sumu imekufa. Niliwaza labda watalitupa lile bega, kwani mbwa wamelitafuna. Niliwaza nisubiri mpaka Malale aondoke, nimwambie Hana peke yake, kwa namna ya ushauri tu. Kila nilipopata wazo jipya nililishika kwa dakika kumi, likaniponyoka, nikatafuta jingine. Jasho lilinitoka mpaka uti wa mshale ukanata kifuani.

Katikati ya hayo Hana alitoka. Alijitwisha beseni lililofunikwa kitenge, akashika njia ya kwenda barabarani. Nikadhani anakwenda mashineni kusaga. Nikashukuru, kweli kabisa nilishukuru, kwamba jicho moja limepungua. Alirudi baada ya muda, beseni bado kichwani. Mimi nilikuwa palepale.

Kilichoniinua ni moshi. Watoto waliwasha moto, Malale akaanza kubanika vipande kwenye vijiti, na mtoto mdogo kabisa, wa kike, akaja kusimama mbele yake na kunyoosha mkono. Nilijikuta nimeshafika uwanjani kabla sijaamua.

"Hodi hapa," nikasema, pumzi zimenijaa.

"Karibu," Malale akajibu. Akasimama na kisu mkononi. Alinitazama miiba iliyokuwa kwenye suruali. "Baba Mariana. Leo umepotea njia?"

"Msiile hiyo nyama."

"Kwa nini tusiile?"

Hata hapo bado nilijaribu kujiokoa. Nikasema, "Kuna mnyama nilimwona juzi anaumwa, anadondosha mate. Naogopa ni kimeta. Mnyama wa kimeta ukimla unakufa."

Malale alicheka. Si kicheko cha ubaya, ni kicheko cha mtu aliyeambiwa na mkulima habari za mifugo. "Kimeta? Mzee, mimi nimezika ng'ombe wa kimeta kumi na wanne. Damu ya kimeta haigandi, inatoka puani, tumbo linavimba. Huyu nimemchinja mwenyewe, damu imeganda ile pale, itazame. Wewe sema kilichokuleta."

Mtoto alikuwa bado amenyoosha mkono. Nikauchomoa uti wa mshale kifuani, nikauonyesha.

"Ana mshale wangu," nikasema. "Mshale wa sumu. Chembe imo humo ndani."

Hana alimvuta mtoto nyuma. Malale aliutazama ule uti, akanitazama mimi, akautupa kwenye vumbi mshikaki uliokuwa mkononi mwake.

"Mimi nimekula maini," akasema polepole.

"Maini hayana neno. Baba yangu alikula maini miaka yote. Ni pale ulipoingia tu, na pembeni yake."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Uliingia wapi?"

"Bega la kulia."

Malale akageuka kwa mkewe. "Mama, bega la kulia liko wapi?"

Hana alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na macho yake yako kwangu. Na hapo ndipo nilipoliona lile beseni miguuni pake. Limejaa nyanya. Nyanya nzuri, nyekundu, nyingine zina ule ufa wa juu unaotokana na kukosa maji. Nikawaza, tangu lini watu hawa wanalima nyanya? Kisha nikazitambua.

"Si ulisema tuwapelekee," Hana akamwambia mumewe. "Si ulisema nichague kipande kizuri."

"Tuwapelekee nani?" nikauliza, wakati najua.

"Nyie," Malale akasema. "Nilisema ule ugomvi wa mpunga umekaa sana. Tuwapelekee nyama, yaishe."

"Nilimkabidhi mama Mariana mwenyewe," akasema Hana. "Akafurahi. Akanijazia nyanya."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka Malale alikuwa ameshawasha pikipiki na kunifokea nipande. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu. Binti yetu Mariana alikuwa nyumbani, amekuja kutoka kwa mumewe, kule Kashaulili, kujifungulia kwetu, mimba ya kwanza, miezi minane. Kila jiwe tulilopita nilimwona yeye na bakuli la mchuzi. Nilimwomba Bikira Maria, yuleyule wa sebuleni. Nilijua sina haki hiyo nikaomba hivyohivyo.

Tulimkuta Mariana mlangoni, mkono kiunoni, amenuna.

"Baba, heri umekuja. Mama kaninyima nyama."

"Hujala?"

"Hata mchuzi! Eti mjamzito hali pongo, mtoto atazaliwa na madoadoa. Mambo ya bibi hayo."

Miaka yote nimeucheka mwiko ule. Nikachungulia ndani. "Na mama yako?"

"Yuko jikoni. Ameonja, halafu kakaa tu, haongei."

Dorotea alikuwa kwenye kigoda. Sufuria ilikuwa imeshushwa chini, mchuzi bado unafuka moshi. Mapajani alikuwa na sahani, na juu ya sahani ile kitu kimoja tu, chembe ya mshale, imechemka mpaka imetakata, ile mikwaruzo mitatu ya alama ya baba inaonekana vizuri kuliko siku alipoichonga. Hakuinua kichwa.

"Hii ni ya baba mkwe," akasema.

"Dorotea, umekula kiasi gani?"

"Nilionja chumvi. Kijiko kimoja, nikaongeza chumvi, nikaonja cha pili. Cha tatu kikagonga chuma." Hapo ndipo aliponitazama. "Nikaenda sebuleni kuangalia ukutani."

"Twende hospitali. Sasa hivi. Pikipiki ipo, nitawaeleza kila kitu."

"Utawaeleza nini?"

"Kila kitu! Kwamba ni mimi. Wanifunge."

"Na nyama imepikwa kwangu. Na imechunwa kwa Malale. Watachukua wangapi?" Akaiweka sahani chini kwa uangalifu. "Baba mkwe alikuwa anasemaje? Ikimwingia mtu, inaanza nini?"

"Ulimi. Ulimi unakufa ganzi. Halafu moyo."

"Ulimi wangu mzima. Ukifa ganzi nitapanda hiyo pikipiki, na wewe utaeleza unavyojua. Kwa sasa siendi kumwonyesha polisi njia ya nyumbani kwangu kwa vijiko viwili vya mchuzi."

Malale alikuwa amesimama nje ya mlango wa jiko, kofia mkononi. "Mayu, twende tu," akasema. Hivyo ndivyo wao wanavyomwita mama. "Mimi nitasema nilimwokota njiani. Twende."

"Ahsante, baba. Kaa kwanza."

Nilimshika mkono nimwinue kwa nguvu. Akaniondoa vidole kimoja kimoja. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila mtu Mwamkulu anajua, lakini hasira ya Dorotea haina sauti na huwa naiogopa. Aliuchukua ule uti wa mshale mkononi mwangu, akatoka nao uani, akauchomeka ardhini. Akatazama kivuli. Akaokota jiwe, akaliweka katikati ya kivuli.

"Si ndivyo mnavyofanya?" akasema. "Haya, kaa."

Tukakaa. Jua la karibu na saa sita lilikuwa juu yetu na kivuli kilikuwa kifupi, lakini kilikuwa hakisogei. Naapa hakikuwa kinasogea. Nilikitazama mpaka macho yakatoka machozi. Asubuhi ile kivuli cha uti huohuo kilikimbia na mimi nikiwa namsubiri mnyama afe. Sasa nilimtazama mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na sita, jinsi anavyopumua, jinsi anavyopangusa jasho, kama anakwaruza koo. Nilitazama vidole vyake. Alikohoa mara moja nikaruka.

"Ulimi?" nikauliza.

"Mzima."

Baada ya kidogo, "Ulimi?"

"Ukiniuliza tena nitakung'ata ujue kama ni mzima."

Mariana alikuwa ameshaelewa. Alikaa chini nyuma ya mama yake, amemwegemea mgongoni, analia bila sauti. Malale alichimba shimo nyuma ya choo, akamwaga mchuzi na nyama yote humo, akafukia na kukanyaga. Hakuomba jembe, alilitafuta mwenyewe. Kisha Hana akafika kwa miguu, anatweta, na galoni la maziwa yaliyokamuliwa asubuhi, kwa sababu kwao maziwa ni dawa ya sumu. Dorotea akanywa vikombe viwili. Sijui kama yanasaidia. Nilitamani anywe galoni zima.

Hana alikaa kando yake, wakashikana mikono, wanawake wawili ambao tangu mwezi wa nne hawakuwahi kusalimiana kisimani. "Nisamehe," akasema Hana. Dorotea akamjibu, "Wewe uliniletea nyama. Huna kosa."

Sikuambiwa kwamba mimi sina kosa. Nilisubiri, nikidhani labda litafuata.

Kivuli kilifika kwenye jiwe. Kwanza ncha yake iligusa ukingo wa nje, kisha ikawa juu ya jiwe, kisha ikawa upande wetu. Dorotea alitoa ulimi wake, akaugusa kwa kidole, akaurudisha. Akaweka kiganja kifuani, akahesabu kimoyomoyo. Halafu akashusha pumzi ndefu, na Malale naye akashusha yake, na mimi nikainamisha kichwa magotini nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimefurahi. Sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu, nalisema wazi.

Malale alivaa kofia. "Mimi leo sijaona kitu, baba Mariana," akasema. "Ila ng'ombe wangu wakiingia kwako tena, njoo kwangu kwanza."

"Nitakuja."

"Njoo kwanza." Akaondoka na mkewe kwenye pikipiki, galoni tupu linagonga ubavuni.

Mariana aliingia ndani kulala. Tukabaki wawili uani, na ule uti katikati yetu. Nilifuta macho, nikaanza kupanga maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa nayo mengi.

"Hana amenieleza," Dorotea akasema kabla sijaanza. "Anasema umetokea kwao umejaa miiba, nyama imeshabanikwa. Wewe umeondoka hapa kabla ya jua. Ulikuwa wapi?"

"Kichakani."

"Kichaka kipi?"

"Cha pale kwao."

"Muda gani?"

"Kama saa mbili."

Nilidhani amemaliza. Kuku walikuja kudonoa karibu na jiwe, akawafukuza kwa mguu.

"Hana alipotoka na beseni," akasema, "ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. Kichaka kilikuwa kinene, njia iko upande wa pili, nani angejua? Lakini uongo wa siku ile ulikuwa umenitosha.

"Nilimwona."

Dorotea akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ndiyo hiyohiyo aliyoisikia jana. Alishika goti, akainuka. Nami nikataka kuinuka. Aling'oa uti wa mshale ardhini, akauchomeka upya, mbele ya miguu yangu safari hii.

"Mimi nimeshainuka," akasema. "Wewe kaa."

Akaingia jikoni kusonga ugali. Hakuniwekea jiwe.